Namna Nilivyoyashinda Manyoya ya Michi

Mbukwenyi, vijana. Sogeeni karibu, maana haya sitayaandika mara ya pili. Kuandika kunanichosha kuliko kupiga zulia.

Najua wengi wenu mmeifuata reli hadi hapa Dodoma, mnatafuta kazi katika nyumba za Wazungu, na kila mmoja wenu anadhani kazi ya boi ni kushika ufagio na kuitikia "Ndiyo, Bwana." Mimi Masaka, mwana wa Kibakwe, nimefanya kazi hiyo tangu ndevu zangu zilipoanza kuota mpaka zilipoanza kupata mvi. Shule nilikaa kidogo tu kwa wamisheni, nikaondoka mara nilipojua kuandika jina langu na kusoma la mwenzangu. Mengine nimeyaokota njiani. Mwenye kutaka kuzicheka herufi zangu na aje kwanza aione nyumba yangu ya kulaza wageni pale karibu na stesheni. Juu bati, chini sakafu ya saruji, ndani paka watatu, na makarani wanaoshuka na gari la moshi hulala kwenye shuka zangu na kuondoka asubuhi na suruali nyeusi zisizo na unyoya hata mmoja. Huwa wananiuliza, "Mzee, paka wako hawanyonyoki?" Nawajibu, "Wananyonyoka kama wa watu wengine. Tofauti ni mimi."

Basi niwaeleze hiyo tofauti ilitoka wapi.

Nilifunzwa na paka mmoja wa Ulaya, pale Mpwapwa, kabla reli haijafika nchi hii. Jina lake Michi. Alikuwa mweupe kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, mkia mnene kama mwiko wa sufuria kubwa, na manyoya marefu ambayo mimi sikupata kuyaona juu ya mnyama yeyote asiye kondoo. Bibi wa nyumba alikuja naye kutoka kwao ndani ya kikapu, akapanda naye kutoka pwani akibebwa kwenye machela. Wapagazi walisimulia kwamba paka yule alikula nyama kila kituo, wao wakala uji.

Bwana wa nyumba alikuwa mpima ardhi. Jina lake la kwao silitaji, na hata ningelitaja msingeweza kulitamka. Sisi tulimwita Bwana Chafya. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani, mwenye haki kwa kiasi chake, lakini pua yake na paka wa mkewe havikupatana hata siku moja. Unyoya mmoja ukipita hewani, Bwana huyo alichafya mpaka kuku wakatoka chini ya ghala. Mapenzi aliyokuwa nayo kwa mkewe yalimzuia kumtoa paka. Basi hasira zote zikamwangukia boi.

Maboi kadhaa walikwisha kukimbia kabla yangu. Mimi sikuajiriwa kwa barua wala kwa kupendekezwa na mtu. Nilishuka kutoka Kibakwe na kuku wa kuuza, nikaambiwa nisubiri barazani. Nilipoiona baraza ile imejaa mabunda meupe yanayozunguka pembeni kama pamba ya msufi, mikono ikaniwasha. Nikachukua maji kwenye mtungi, nikanyunyiza, nikang'oa nyasi, nikafunga ufagio, nikafagia. Bibi alipotoka akakuta baraza inang'aa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Wewe nani?" Nikamwambia, "Mimi boi wako mpya." Kuku nikasahau kuwauza, tukawala sisi jikoni.

Jikoni alikuwapo mpishi, Mzee Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, mtu wa sala tano na ulimi mkali kuliko kisu chake cha vitunguu. Yeye ndiye mwalimu wangu, ingawa siku ya kwanza hakutaka hata kuniona.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Wamemwajiri Mgogo kufagia?" Alimwambia mwiko wake, si mimi. "Watu wanaolala na ndama ndani ya nyumba!"

"Ndama wetu hana mto wa hariri, mzee. Wala hanyonyoki kwenye supu."

Akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile tukawa ndugu, na utani wetu haukuisha hata alipokufa. Nilipokwenda kumzika Kondoa niliwaambia wanawe wafagie kaburi kwa maji, wasitimue vumbi, maana marehemu asingenisamehe.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Jambo la kwanza: manyoya ya paka hayafagiliwi makavu. Bwana Chafya alikuwa na burashi ya Ulaya yenye mpini mrefu, akanipa kwa fahari kama aliyenipa bunduki. Nikaisukuma sebuleni kwa nguvu za ujana. Manyoya yakainuka yote kwa pamoja, yakakaa hewani, yakatutazama. Bwana alikuwa mezani anakunywa supu. Alichafya, miwani ikaruka, ikatua ndani ya sahani. Alipoitoa alinitazama kwa macho mawili madogo yenye mafuta ya kuku, nami nikajua burashi ile haifai.

Mama yangu kule kwetu hakuwahi kufagia kavu. Nchi yetu vumbi, ukifagia kavu unalihamisha tu kutoka chini kwenda puani. Unanyunyiza maji kwa vidole, kidogo, sakafu ipate unyevu isipate tope, kisha unavuta ufagio wa nyasi taratibu, unauelekeza kwako, huutupi mbele. Manyoya yenye unyevu hushikana yenyewe, yanakuwa kamba, unaiokota kwa mkono.

Zulia na makochi ni habari nyingine. Hapo Mzee Ramadhani ndiye aliyeniokoa. Alichukua gunia kuukuu la mtama, akalilowesha, akalikamua mpaka likabaki na unyevu tu, akanionyesha: unalikokota juu ya kitambaa kwa upande mmoja, kama mtu anayepapasa mgongo wa punda, usiende na kurudi. Utaona manyoya yanajiviringisha mbele ya gunia kama funza mweupe. Nguo laini haiwezi kazi hii, inateleza. Gunia lina meno.

"Na uanze juu, mwanangu," aliniambia. "Mapazia kwanza, kisha viti, sakafu mwisho. Ukianza chini utafagia mara mbili, halafu utanilaumu mimi kwamba chai imechelewa."

Mlango na madirisha vifunguliwe asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala. Mnaujua upepo wetu. Mchana ukiingia ndani unapekua kila pembe, unatoa manyoya uliyoyasahau chini ya kabati tangu masika. Na matandiko mnapoyapiga juani, simameni upepo ukiwa nyuma yenu. Nimemwona boi mmoja hapa Dodoma juzi akipiga blanketi huku upepo unampiga usoni, akarudi ndani anafanana na mzee wa miaka mia. Bibi yake hakumtambua.

Lakini haya yote, vijana, ni kukimbizana na manyoya yakiwa yameshaanguka. Mtu mwenye akili huyashika yakiwa bado kwa mwenyewe. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Mpwapwa yote ililicheka, nami mpaka leo nasema nilikuwa na haki.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, na Michi alizidi kupukutika. Ukimgusa unabaki na kiganja cheupe. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kwetu ndama akianza kunyonyoka manyoya hatungojei, tunampaka mafuta. Na vijana wa kwetu, wenyewe mnajua, wakitaka nywele zao zikae vizuri kichwani kwa ngoma, huzipaka samli na udongo mwekundu, zikang'aa kama shaba na usione hata moja inayoanguka. Nikajiuliza, huyu paka kakosa nini? Kakosa samli na udongo mwekundu. Wazungu hawajui, hawana ng'ombe wa kutosha.

Bibi alikwenda kuwaamkia akina mama wa misheni. Nikachukua samli kwenye chungu cha Mzee Ramadhani, nikaleta udongo mwekundu mzuri, niliokuwa nimeuhifadhi kwa ajili ya harusi ya binamu yangu. Nikakaa barazani na Michi mapajani. Hakukataa hata kidogo. Alipenda samli mno, akawa anajilamba upande huu huku mimi nikipaka upande wa pili. Nilimkanda kutoka masikioni mpaka ncha ya mkia. Nilipomaliza alikuwa kijana kamili wa Kigogo, amebakiza tu mkuki.

Mzee Ramadhani akatoka jikoni, akasimama, mwiko ukaanguka.

"Masaka. Huyo ni nani?"

"Michi."

"Michi alikuwa mweupe."

"Alikuwa mgonjwa, mzee. Sasa tazama, vuta manyoya. Yanatoka?"

Akainama, akavuta. Hayakutoka. Unyoya hata mmoja! Yote yameshikwa na samli. "Kweli hayatoki," akasema polepole. "Lakini mwanangu, utamwambia nini Bibi?"

Kabla sijamjibu, Michi akaniponyoka. Akaingia ndani. Akapita juu ya kitambaa cheupe cha meza, akajifuta kwenye pazia, akaruka kitandani kwa Bibi akajiviringisha juu ya mto. Sisi wawili nyuma yake, Mzee Ramadhani akimwita kwa Kirangi, mimi kwa Kigogo, na paka anajua Kidachi tu, hicho Kijerumani cha Bibi. Mwisho akaingia chumba cha kazi, akapanda juu ya ile meza kubwa ambapo Bwana alikuwa ametandaza ramani yake ya nchi yote ya Mpwapwa, akaivuka kutoka pembe hadi pembe. Kila hatua muhuri mwekundu.

Tulisimama tukaitazama ramani ile.

"Amepita milimani," Mzee Ramadhani akasema, "kisha amekata kushoto kwenda Kondoa. Njia nzuri hiyo. Ina maji."

Bwana Chafya alirudi akaona. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniita barazani, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Wewe boi. Bwana Mkubwa wangu anakuja kutoka pwani, mwezi ukiandama. Atakaa hapa, atakula hapa. Yeye hapendi uchafu, na mimi siwezi kuchafya mbele yake kama mbuzi. Nikichafya mara moja, au akiona unyoya mmoja nyumbani mwangu, paka ataondoka na wewe utaondoka. Wote wawili, siku moja. Yeye sijui atakwenda wapi. Wewe nitakukabidhi kwa mnyapara wa wapagazi, utabeba mizigo."

Kubeba mizigo! Mimi niliyekwisha kuwaambia watu wote wa Kibakwe kwamba nyumba ya Mzungu haisimami bila Masaka! Mama yangu alikuwa ameanza kuwajibu majirani kwa madaha kwa ajili yangu. Na mke wangu Chausiku, wakati ule bado mchumba, baba yake alinikubali kwa neno moja tu: "Huyu si mpagazi, huyu ana nafasi nyumbani kwa Mzungu." Nikitoka pale na mzigo kichwani, nafasi imekwisha na Chausiku amekwisha.

Mzee Ramadhani aliyasikia yote kupitia dirisha la jikoni. Akanipa chai yenye sukari ya Bwana. "Kunywa," akasema. "Sukari hii ni yako, mpagazi hapewi sukari."

"Mzee, usinitanie leo."

"Nikuache kukutania, uanze kulia? Kunywa. Halafu kamwogeshe huyo kijana wa Kigogo."

Bibi, Mungu ambariki, aliporudi alilia kisha akacheka, tukamwogesha Michi pamoja. Beseni, maji ya vuguvugu, sabuni. Kumwogesha paka ni kazi ya watu wawili na kanzu kuukuu, msijaribu peke yenu. Na hapo, vijana, ndipo nilipoona. Maji yalipoondoa ile samli na udongo, manyoya yote yaliyokuwa yakingoja kuanguka yakatoka nayo kwa pamoja, bunda zima, kama sufu ya kondoo. Tulilipandisha kwa mikono miwili. Michi alibaki nusu ya Michi.

Siku iliyofuata Bwana hakuchafya. Wala iliyofuata. Alikuwa bado amenikasirikia mno hata asitambue, lakini mimi nilitambua. Nikamwendea Mzee Ramadhani.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia nini? Kimya kimetanda."

"Ndiyo hicho!"

Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba Masaka alikosea siku ile, mwulizeni: na kimya kile kilitoka wapi? Kosa lilikuwa udongo tu. Samli ilikuwa sahihi.

Nikajitengenezea utaratibu, nao ndio ninaoufuata mpaka leo. Kila asubuhi, kabla paka hajaingia sebuleni, nilikaa naye kwenye ngazi ya baraza. Nilipaka samli vidoleni, kiasi cha kung'aa tu, nikampapasa mwili mzima. Kisha nikachukua chanuo la mti, lile la kwetu lenye meno marefu, nikamchana kufuata manyoya yalivyolala. Mgongo kwanza, kisha ubavu, tumbo mwisho, na tumbo ni kwa ruhusa yake. Akianza kupiga mkia chini, acheni. Ukiendelea baada ya mkia, damu itakayotoka ni yako. Mara kwa mara tulimwogesha, na kumkausha juani akiwa ametukunjia uso kama mkwe aliyecheleweshewa chakula.

Manyoya ya kuchanwa nilianza kuyachoma, lakini yananuka vibaya. Nikayatundika kwenye miba ya ua. Ndege wakayachukua. Mwaka ule ungetazama kwenye migunga ya Mpwapwa ungeona viota vyeupe, vifaranga wa Ugogo wamelala juu ya godoro la Ulaya.

Na jingine: msimchagulie paka mahali pa kulala. Bibi alimnunulia Michi kikapu chenye mto, hakukikanyaga. Mimi nilimtazama siku nzima anahamia wapi na jua, nikaona pale chini ya dirisha la magharibi ndipo anapopapenda, nikatandika ngozi ya mbuzi hapohapo, na juu yake shali kuukuu ya Bibi yenye harufu yake. Akalala hapo akaacha makochi. Badala ya kusafisha nyumba nzima unakung'uta ngozi moja.

Basi mwezi ukaandama, na askari mmoja akaja mbio kusema Bwana Mkubwa yuko njiani, atafika kabla ya chakula cha mchana. Nyumba nilikuwa nimeishughulikia mpaka mende wakahama. Michi nilimfungia kwenye chumba cha Mzee Ramadhani na kipande cha nyama. Bwana Chafya akaniambia nimtolee koti lake jeusi la sufu sandukuni, nilipigishe hewa. Nikalitundika kwenye kiti barazani, nikaenda kupanga glasi.

Mlango wa Mzee Ramadhani ulikuwa na kufuli ya kamba. Paka wa Ulaya anajua kamba.

Niliporudi, Michi alikuwa amelala juu ya koti. Hakulala tu, alikuwa amejigeuza upande mmoja na wa pili, kama mtu anayetafuta ubaridi wa mto. Koti jeusi limekuwa kijivu. Na huko barabarani, chini ya kilima, nikaona machela, na tarumbeta ikalia.

Nikilipaka maji litanuka sufu iliyoloa, na halitakauka. Gunia litalikwaruza. Nikalibeba koti mbio jikoni. Mzee Ramadhani alikuwa anakanda unga wa mkate, mikono imezama.

"Mzee, nipe donge!"

"Donge gani? Huu ni mkate wa Bwana Mkubwa!"

"Nipe donge, mzee! Nilikuona siku ile umeangusha donge sakafuni likazoa kila kitu!"

"Ni ngano! Imetoka pwani mabegani mwa watu!"

"Na mimi nitaifuata pwani na mzigo mabegani kama hunipi!"

Akanitazama, akalitazama koti, akaguna neno la Kirangi ambalo siwezi kuliandika, akakata nusu ya unga wote, akaongeza unga mkavu kidogo usigande kwenye nguo, akanitupia. Nikaliviringisha donge lile juu ya koti, begani, mgongoni, mikononi, linazoa manyoya kama kuku anavyodonoa. Yeye akalibana koti kwa viwiko likanyooka, viganja vyake vyenye unga nje ili asilipake. Donge lilipojaa nikaligeuza ndani nje. Koti likarudi kuwa jeusi kama usiku wa masika. Nilimvalisha Bwana tarumbeta ikilia mlangoni. Hakujua lolote.

"Na donge hili," Mzee Ramadhani akaninong'oneza, akinionyesha lile bunda lenye ndevu, "nitakuokea wewe, ule peke yako."

Bwana Mkubwa alikuwa mtu mnene, mwenye masharubu, mwenye macho yanayopita kila mahali bila kuuliza. Alipita kidole juu ya kabati, akakitazama. Alitazama chini ya meza. Alikaa, wakaanza kula, nami nimesimama nyuma na sinia. Akashika mkate. "Mkate wenu ni mdogo," akasema. Nikamwona Mzee Ramadhani kwenye ufa wa mlango amefunga macho.

Na hapo, vijana, Michi akaingia.

Katika ule mkikimkiki wa koti nilimsahau. Aliingia taratibu, mkia juu, akavuka sebule nzima kama mwenye nyumba, akaruka, akakaa mapajani kwa Bwana Mkubwa. Bibi akaweka uma chini. Bwana Chafya akageuka rangi. Mimi niliuhisi mzigo kichwani, naapa, niliuhisi uzito wake.

Bwana Mkubwa alimtazama paka. Akampapasa. Mkono wake mnene ukapita kutoka kichwani mpaka mkiani, mara moja, mara ya pili, ukikandamiza. Kisha akauinua mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja.

Hakikuwa na kitu.

"Paka huyu hanyonyoki?" akauliza. Waliongea Kidachi, lakini neno hilo tulikuwa tumelisikia jikoni mara nyingi kuliko salamu.

Bwana Chafya alifungua kinywa kujibu, na hapo pua yake ikaanza kutikisika. Nikaiona. Macho yakafinyika, kifua kikajaa, mdomo ukabaki wazi. Bibi amemshika mkono chini ya meza. Nyuma ya mlango nikasikia Mzee Ramadhani anasoma kitu cha Kiarabu, harakaharaka.

Kisha Bwana akafunga mdomo. Akameza. Akavuta hewa kwa pua, polepole, akakuta ni hewa tupu.

"Katika nyumba yangu," akasema, akinyoosha lile koti lake jeusi, "hapana." Kisha akanigeukia, kwa Kiswahili: "Boi. Leta kahawa."

Kahawa ile niliileta nikitembea kama sultani. Jikoni Mzee Ramadhani alikuwa amekaa chini kabisa, sakafuni, anajipepea kwa sahani. "Masaka," akasema, "kuanzia leo nyinyi mnaolala na ndama nawaheshimu. Kidogo."

Nilikaa katika nyumba ile miaka mingi baada ya hapo. Nikamwoa Chausiku. Nikafundisha maboi wengine, na wengi wao leo wako katika nyumba kubwa za Dodoma na Kilimatinde, ingawa ukiwauliza watasema walijifunza wenyewe. Siku hizi Mhindi pale sokoni anauza burashi za kila aina, na nyinyi mnanijia nazo mkiniambia, "Mzee, hii ni ya kisasa." Haya, nunueni. Lakini kabla hamjaitumia ilowesheni kidogo, na mjiulize paka amelala wapi.

Mwisho Bwana Chafya akaitwa kurudi kwao. Kazi ya kupima ilikwisha, au yeye alichoka, sijui. Bibi alitaka kuondoka na Michi, lakini Bwana akasema katika meli kuna chumba kimoja kidogo kisicho na dirisha, na pua yake ni moja tu. Michi naye alikuwa amezeeka. Asubuhi ya safari, kabla sijamchana, Bibi akamtia ndani ya kile kikapu chenye mto, ambacho hakuwahi kukilalia, akanikabidhi. Alinipa na shali.

Nikatoka kwenye lango la nyumba ile na kikapu kichwani, Michi ndani yake analalamika. Bwana alikuwa amesimama barazani, akatuona tunakwenda, akaanza kucheka mpaka miwani ikateleza. Akapiga kelele, "Boi! Nilisema nini?" Nami nikacheka. Alisema tutaondoka wote wawili, siku moja, nami nikibeba mzigo. Mzungu yule alikuwa mtu wa neno lake.

Nilipofika nyumbani, Chausiku alikuwa ametoka kunyunyiza maji uani. Akafunua kikapu, akampapasa Michi, akainua kiganja chake kilichojaa weupe.

"Masaka," akasema, "na manyoya haya atayafagia nani?"

Nikaketi kwenye kizingiti, nikamweka Michi mapajani, nikaomba samli na chanuo. Nikamwambia, "Mke wangu, kaulize Mpwapwa."